Sare Isiyofunga

Kwenye geti la kile kiwanda cha nguo nje kidogo ya mji wa Ruiru, mtu haombi kazi kwa mdomo. Anaguswa bega. Vibarua hujipanga kando ya ukuta kabla jua halijatoka, wanawake huku na wanaume kule, na geti likifunguliwa supavaiza hutoka na kikombe chake cha chai mkononi, akapita mbele yao polepole kama mtu anayechagua kuku sokoni. Aliyeguswa bega huingia. Asiyeguswa hujifunga leso yake vizuri akarudi alikotoka. Hakuna anayeuliza sababu, maana kesho atasimama pale pale, na mtu hagombani na geti analolitegemea.

Waruguru, ambaye watu wa Makongeni huko Thika humwita Mama Ciku, alikuwa amesimama kwenye ukuta ule asubuhi nyingi kuliko alizotaka kukumbuka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba zamani alikuwa akiingia kwa geti lile bila kuguswa na mtu. Alikuwa na kiti chake huko ndani, kwenye mashine ya ovaloki, ile ya kupindia kingo za nguo, kiti alichokifungia mto alioushona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa. Watu walikuwa wakimwekea kiti kile hata akichelewa.

Figo ndizo zilizomtoa. Zilianza kwa kuvimbisha miguu, naye akasema ni kukaa sana. Zikavimbisha macho, akasema ni usingizi. Siku kiatu kilipokataa kabisa kuingia ndipo Ciku, binti yake wa pekee, alipomshika mkono akampeleka hospitalini. Huko alipewa vidonge vichungu, na kwa kweli ya Mungu vidonge vile vilimponya. Ila havikumponya bure. Vilimletea njaa isiyo na adabu, njaa ya kuamka ukitafuta viazi vya jana. Uso ulifura ukawa mviringo kama chapati iliyopata moto mzuri, shingo ikajaza nyama kwa nyuma, na tumbo likamtangulia mlangoni. Dawa zilipunguzwa kidogo kidogo mpaka zikaisha. Daktari akamwambia amepona, arudi kazini, atembee, asile chumvi nyingi, na mwili utarudi pole pole kwa wakati wake. Waruguru akarudi kiwandani. Kiti kilikuwa na mtu mwingine. Akaambiwa aanzie ukutani kama wengine wote.

Basi akawa anakuja na kabuti. Lilikuwa kabuti la marehemu mume wake, Kiama, aliyekuwa soja, mlinzi wa usiku, mpaka Mungu alipomchukua. Kabuti zito la rangi ya buluu, lenye mabega mapana na vifungo vikubwa. Ndani ya kabuti lile Waruguru alijiona kama hayuko. Alilivaa kwa baridi na kwa jua, sokoni na kanisani, mpaka Ciku akachoka kumwambia alivue. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye hakuwa akificha maradhi. Maradhi yalikuwa yamekwisha. Alikuwa akificha alichoachiwa.

Na watu, jamani, watu wana macho. Pale sokoni Makongeni muuza sukuma alimwambia maisha yamemkubali, amenona, hata akauliza ni dawa gani hiyo naye anunue. Waruguru alicheka kama inavyotakiwa. Katika nchi hii mtu akikuambia umenona amekusifu, na sifa hairudishwi. Alichukua sukuma zake akaenda nyumbani, akakaa kitandani na kabuti lake, hata viatu hakuvua.

Asubuhi moja ya Ijumaa supavaiza alitoka kama kawaida. Jina lake Khisa. Alikuwa kijana wa heshima, si mtu wa matusi, na zamani zile alipoajiriwa akiwa hana hata kikombe, Waruguru ndiye aliyekuwa akimgawia njahi, yale maharagwe meusi, kutoka kwa mkebe wake wa chakula. Kwa hiyo kila asubuhi alipompita bila kumgusa, Waruguru alijiambia kwamba Khisa anaogopa kuonekana akipendelea. Siku hiyo Khisa alimpita, akasita, akarudi hatua mbili. Moyo wa Waruguru ukaruka.

"Mama, nakuona hapa kila siku," alisema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Sipendi upoteze nauli. Hatuwezi kuweka mtu wa hali yako kwa mashine. Ukishajifungua, mtoto akishika nguvu, kuja. Mimi mwenyewe nitakuangalilia."

Waruguru alifungua mdomo. Kulikuwa na maneno mengi ya kusema, na yote yalikuwa ya kweli. Angesema hana mimba. Angesema, Khisa, ni mimi. Lakini kijana alikuwa akimtazama usoni, karibu hivi, na hakumjua. Amekula njahi zake na hamjui. Na kusema kungekuwa ni kufungua kabuti mbele ya ukuta mzima.

"Asante," alisema.

Khisa akaendelea na safari yake ya mabega. Ajwang, mwanamke aliyezoea kusimama karibu naye, alimgusa kiwiko, akamwambia asijali, kwani hata yeye kitinda mimba wake alimbebea hapo hapo ukutani mpaka miezi ikakaribia, na kazi alikuja kupata. Alisema kwa wema. Waruguru alimwitikia kwa kichwa, na hapo ndipo alipojua kwamba ukuta wote ulikuwa ukijua mimba yake isipokuwa yeye.

Njiani kurudi Thika hakuwaza chochote cha maana. Alikuwa akiirudia rohoni ile asante. Mtu ameambiwa amebeba mimba, yeye mjane wa miaka mingi, mwanamke wa chama cha kanisa, naye anasema asante. Mungu anisamehe, alijiambia, ulimi wangu umeondoka pamoja na mwili wangu wa zamani.

Alipofika nyumbani alikuta viatu mlangoni, viatu vya watu wazima, vimepangwa vizuri. Ndani walikuwa wameketi akina mama wawili wa chama cha kanisani: Njambi, mwenyekiti, mwanamke mrefu anayeomba kwa muda mrefu, na Mutheu, Mkamba wa nyumba za nyuma, rafiki yake wa siku nyingi. Walikuwa wamevaa sare kamili, blauzi nyeupe, sketi ya buluu na kitambaa cheupe kichwani, na siku yenyewe haikuwa Jumapili. Sare katikati ya wiki huvaliwa kwa mambo mawili tu, msiba na kumtembelea mama wa mtoto mchanga. Mezani kulikuwa na chupa kubwa ya uji na bakuli lililofunikwa. Ciku alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, ameshika majani ya chai, akimtazama mama yake kwa macho ya mtu aliyeulizwa swali asilolisoma.

Waruguru aliona sare, akawaza msiba. Akawauliza ni nani aliyefariki.

"Keti kwanza, Mama Ciku," Njambi alisema. "Tuombe."

Waliomba. Njambi alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa Thika, kwa watoto walio shuleni na walio mbali. Alimshukuru kwa wajane, akataja upweke wao na jinsi shetani anavyojua siku ya kubisha hodi. Alisema Bwana hatupi mtu. Alisema mwanamke akijiweka kando mwenyewe bila kusukumwa, huo tayari ni unyenyekevu. Waruguru alikuwa amefumba macho, na mpaka hapo bado alikuwa akitafuta maiti. Kisha Njambi akasema kila kiumbe ni zawadi, hata kikija kwa mlango wa nyuma, na tumbo halina dhambi, na mtoto hana makosa.

Macho ya Waruguru yalifumbuka yenyewe. Aliona Mutheu naye amefumbua, anamtazama tumbo.

Ndipo mambo yote yakajipanga. Kanisani kwao ni desturi ya tangu zamani: mwanamke wa chama akianguka hangojwi avuliwe sare. Huivua mwenyewe. Siku ya Meza ya Bwana huja na nguo za kawaida, huketi viti vya nyuma, haendi mbele, na hakuna anayemuuliza kitu mpaka atakapokuwa tayari kusema na wazee. Waruguru aliijua desturi hiyo kama alivyojua jina lake. Amewahi kugeuza shingo mara moja au mbili kuangalia aliyekaa nyuma. Lakini moshi wa nyumba yako huuoni ukiwa ndani. Blauzi ilipokataa kumfunga kifuani, aliikunja akaiweka chini kabisa sandukuni, akavaa kabuti, akaketi nyuma karibu na mlango kwa sababu miguu ilikuwa ikimsumbua kufika mbele. Jumapili baada ya Jumapili. Kanisa zima lilikuwa limesoma, likafunga kitabu.

"Amina," alisema Njambi.

Nje gari la maji lilikuwa likipita. Mutheu, ambaye hawezi kunyamaza sana, alifunua bakuli kuonyesha njahi zilizopondwa na ndizi, chakula cha mzazi, akasema wamekuja mapema kidogo lakini ni heri mapema. Halafu akatoa kwenye mfuko shali ndogo ya manjano, aliyoifuma mwenyewe, akaiweka mezani kama mtu anayeweka yai.

Waruguru aliitazama ile shali. Uchovu ulimshika, uchovu wa ukuta na wa barabara na wa kusema asante. Alisikia kwamba angeweza kuichukua, akanyamaza, wakaenda zao, na kesho ikaja. Ingekuwa rahisi. Halafu akaona Ciku pale mlangoni, majani ya chai yakimwagika kidogo kidogo kutoka mkononi bila yeye kujua. Ciku alikuwa akiuza kwenye duka la mbao huko Kamenu na kulisha nyumba, na nafasi yake ya chuo alikuwa ameisukuma mbele mara mbili ili mama apone kwanza. Hata Ciku alikuwa akiangalia lile tumbo. Alikuwa amemsindikiza kliniki, anajua kila kidonge, na kwa dakika ile alikuwa hana hakika.

Waruguru akasimama. Akafungua vifungo vya kabuti, kimoja kimoja, akalivua, akaliweka juu ya kiti.

"Mimi sina mimba," alisema. "Nilikuwa mgonjwa wa figo, na mlijua, mlikuja kuniombea. Dawa ndiyo imenifanya hivi. Huyu ndiye mimi mzima."

Njambi alisafisha koo. "Na sare, Mama Ciku? Si uliivua mwenyewe?"

"Haifungi."

"Haifungi nini?"

Waruguru aligeuka. Alienda chumbani, akachimba chini ya sanduku, akaja na ile blauzi nyeupe. Akaivaa juu ya gauni lake mbele yao, akavuta upande huu na upande huu. Kati ya vifungo na matundu yake kulikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja. Alisimama hivyo, mikono imeshika pande mbili, mpaka kila mtu ameona vya kutosha.

Mutheu ndiye aliyeanza. Alijifunika mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa, mabega yakawa yanatikisika, na mtu asingejua kama analia au anacheka, kwa sababu alikuwa akifanya yote mawili. Alisema ameifuma ile shali akiwafokea wajukuu wake wasiiguse. Alisema hata rangi alichagua ya manjano kwa kuwa hajui ni mvulana au msichana. Ciku alikimbilia jikoni, wakamsikia huko akicheka kwa sauti mbaya ya mtu aliyezuia muda mrefu. Njambi pekee hakucheka. Alikaa na mikono juu ya magoti.

"Tulikuhukumu kwa nguo," alisema mwishowe. "Na wewe fundi wa nguo, Mama Ciku. Si ungeifumua ubavuni uongeze kitambaa? Mchana mmoja tu."

Hilo ndilo swali lililomwingia. Maana ni kweli. Alikuwa amewapanulia wanawake wa Makongeni nguo za harusi na za matanga, bila hata kuwauliza wamekula nini. Ya kwake hakuigusa. Alisema kwa shida, akiangalia sakafu, kwamba kila mwezi alikuwa akifikiri mwezi ujao atarudi alivyokuwa, na akiipanua ni kama kuweka sahihi kwamba harudi tena. Njambi alimsikiliza mpaka mwisho, hakumwekea mstari wa Biblia. Akamimina uji katika vikombe vinne, akasema umeshapikwa na hauwezi kurudi kuwa unga.

Walikunywa. Walikula na zile njahi. Mutheu alipoondoka alitaka kuchukua shali yake, kisha akaiacha, akasema Ciku naye ataolewa siku moja, isikae bure.

Kesho yake Waruguru aliketi mlangoni penye mwanga, akafumua mishono ya ubavuni kwa wembe, akaingiza vipande vya kitambaa kipya. Kitambaa kipya kilikuwa cheupe cha kung'aa, na blauzi ilishapauka kwa kufuliwa, kwa hiyo mistari miwili ilionekana wazi kutoka kwapani mpaka kiunoni. Hakujaribu kuificha. Jumapili aliivaa, akatembea mpaka kiti chake cha zamani karibu na mbele, na njia ile ilikuwa ndefu. Shingo ziligeuka. Wengine walikuwa wameshaambiwa na Mutheu, wengine walikuwa bado. Alikaa. Moyo haukufurahi kama alivyotarajia. Ulikaa tu, kama mtu aliyefika.

Jumatatu akaenda Ruiru bila kabuti. Alivaa gauni lake la kitenge alilolipanua jana yake jioni, na sweta ya Ciku begani kwa ajili ya baridi. Ukutani Ajwang alimtazama juu mpaka chini, akataka kusema neno, akalimeza. Kulikuwa na ukungu. Waruguru aliomba kidogo, si maombi marefu, aliomba tu asiseme asante kabla ya wakati.

Khisa alitoka na kikombe chake. Aligusa bega moja, akaruka mawili, akagusa lingine. Alipofika kwa Waruguru macho yake yalikuwa yameshamruka kwenda kwa anayefuata.

"Khisa," alisema Waruguru.

Ukutani watu hawaiti supavaiza kwa jina.

"Mimi ni Waruguru. Mama Ciku wa ovaloki, yule wa njahi. Sina mimba. Niliugua figo nikapewa dawa, nimepona, na huu ndio mwili nilioachiwa. Unaweza kuuliza hospitali. Mikono ni ile ile."

Mtu fulani huko mbele alicheka, akanyamaza. Khisa alimtazama. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta nyumba aliyokuwa akiijua katika mtaa uliojengwa upya, na Waruguru akaona mahali pale alipoipata, kwenye macho, au kwenye sauti, hakujua. Kijana akashusha kikombe.

"Mama Ciku," alisema. "Na nilikwambia ukishajifungua."

"Ulisema."

"Na ukaniambia asante."

"Nilikuwa nimechoka."

Khisa akaendelea na mstari. Aligusa bega la mbele, na la mbele yake, mpaka mwisho wa ukuta. Waruguru alimfuata kwa macho. Aliona jinsi waliochaguliwa wanavyoingia, Ajwang akiwa mmoja wao, na soja akianza kusukuma geti. Alivuta sweta ya Ciku akajifunika kifua. Nauli ya kurudi ilikuwa imefungwa kwenye ncha ya leso, akaanza kuifungua kwa vidole vyenye baridi.

Khisa akarudi. Hakuwa na uso wa furaha, alikuwa na uso wa mtu mwenye kazi. Akamgusa bega kwa vidole viwili.

"Ovaloki zina wenyewe," alisema. "Kuna kukata nyuzi. Ni kazi ya watoto, najua. Na sijui kama itaendelea mwezi ujao."

Kukata nyuzi ndiyo kazi ya kwanza anayopewa msichana asiyejua hata kuingiza uzi kwenye sindano. Kutwa nzima umeinama juu ya nguo za wenzako na mkasi mdogo, ukitafuta ncha zilizobaki. Waruguru alikuwa ameimaliza kazi hiyo kabla Ciku hajazaliwa. Aliifikiria miguu yake, na kiti kile chenye mto ambacho sasa kinakaliwa na mtu mwingine, ambaye atakuwa akimwona kila siku.

"Sawa," alisema.

Kwenye dirisha la stoo alipewa mkasi na aproni. Aproni zote zilikuwa za saizi moja. Aliivaa shingoni, akapeleka mikono nyuma kutafuta mikanda, akaivuta, na mikanda haikukutana. Akajaribu tena kwa kuvuta pumzi ndani. Ajwang, aliyekuwa mbele yake, aligeuka akamuuliza amfungie.

"Haifungi," Waruguru alimwambia. "Iache hivyo."

Mashine za ndani zilikuwa zimeanza kunguruma, moja baada ya nyingine. Alikuwa amechoka kama mtu wa jioni, na siku ndiyo kwanza inaanza. Akaiacha mikanda ining'inie ubavuni, akashika mkasi wake, akaingia.